Kibuyu na Mirija Miwili

Nianze na Alphonse, maana hata leo nikimkumbuka damu inanichemka. Tulikuwa tumeingia pangoni, pango tulilolitafuta miezi mitatu, na zamu yake ya kutupa kete ilipofika, bwana amelala, mdomo wazi, chupa ya bia ya Primus mkononi. Ikaanguka mezani, ikanimwagikia ramani. Ramani niliyoichora kwa mkono wangu, kwa bic ya rangi nne!

Mchezo wenyewe ulitoka Liège ndani ya sanduku, mwaka wa themanini na sita. Kila mtu mezani anakuwa mtu mwingine, anasema kwa kinywa cha huyo mtu, na kete zinaamua kama amefaulu ama ameanguka. Miye nilikuwa msimulizi. Majumba ya Wazungu niliyatupa, nikaweka milima yetu na ziwa letu. Tulicheza nyumbani kwangu kila Jumapili baada ya misa ya pili, mpaka saa kumi na mbili.

Na sikuwa ninacheza bure, jamani. Isidore na Cirhuza, ndugu wa tumbo moja, nilikuwa nimewafundisha wote wawili, na walikuwa hawasemezani tangu matanga ya baba yao kule Nyangezi. Isidore alilewa, akasimama mbele ya watu, akasema Cirhuza si mtoto wa marehemu. Hebu fikiria neno kama hilo, na maiti bado ndani ya nyumba! Mama yao, maman Georgette, akanifuata shuleni. "Mwalimu Apollinaire, ubaite kwako bote babili. Pengine batasemezana."

Wakaja. Njiani kila mmoja na upande wake wa barabara. Lakini mezani Isidore alikuwa mfua chuma, Cirhuza alikuwa mwindaji, na hao walisemezana vizuri kabisa. "Mwindaji, kamata huu mukuki." "Aksanti, mfua chuma." Halafu saa kumi na mbili inafika, wanainuka, hata kwaheri hakuna. Nilikuwa nawatazama wakitoka, natamani kuwagonganisha vichwa.

Sasa mnaelewa kwa nini pombe iliniudhi. Pombe ndiyo iliyowatenganisha, na ndiyo hiyo hiyo waliyoniletea mezani! Primus ya Alphonse ilionekana walau. Wengine walileta thermos, wakaniambia ni chai, kumbe ni kasiksi, pombe ya ndizi. Miye huyu, mwalimu niliyefundisha miaka kumi na minane, nidanganywe na thermos! Siku ya ramani nilipiga meza. "Kuanzia leo, hapa hakuna hata tone. Mwenye kiu, mabaa yamejaa mjini."

Alphonse hakurudi, sikumlilia. Wakabaki hao ndugu wawili na Noëlla, muuguzi, aliyecheza mganga. Miezi miwili meza ilikuwa kavu. Nikajisifu moyoni.

Jumapili moja ya mwezi wa sita, katikati ya safari, Cirhuza akaweka kete chini. "Mfua chuma," akasema, "siku ile, mbele ya batu, ulinitukana."

Nikapekua karatasi zangu. Hakuna mahali ambapo mfua chuma alimtukana mwindaji.

Isidore akainamisha kichwa. "Nilikutukana. Nilikuwa nimekunywa. Ile neno ilikuwa ya uongo, na nilijua."

"Basi tupatane."

"Tupatane."

Isidore akainama, akatoa kibuyu chini ya kiti. Kasiksi, na mirija miwili mipya ya matete.

Najua, najua. Ninyi mmekwisha kuelewa. Miye niliona kibuyu tu. Nilimwona Alphonse, niliona ramani yangu ikilowana, hasira ikanipanda kichwani.

"Ah, non! Mara hii mmeona muipitishe pombe ndani ya hadithi yangu?"

"Mwalimu," Isidore akasema polepole, "kwetu batu habapatane na mudomo mukavu. Uko mutu wa katikati, ushike kibuyu."

"Mwalimu, ubaachilie," Noëlla akasema. "Nakuomba."

"Sheria ni sheria. Wapatane na chai."

Nikamimina vikombe viwili. Niliweka hata sukari. Cirhuza akakisukuma kikombe chake. "Chai haipatanishe batu," akasema, akainuka. Isidore akakifunga kibuyu ndani ya kitambaa. Wakatoka, kila mmoja na upande wake wa barabara.

Noëlla alibaki mlangoni. "Kesho asubuhi Cirhuza anapanda lori ya Kamituga, amepata kazi kule. Leo ilikuwa siku yao."

"Wanywe basi barabarani! Nani amewakataza?"

"Inje ya meza yako habana mudomo, Mwalimu. Hujaona?"

Nilikuwa nimeona. Kila Jumapili nilikuwa nimeona. Asubuhi, kabla ya kengele ya shule, nilikimbia mpaka mahali malori yanapopakia, na viatu vyangu vya kazi, watoto wa darasa langu wakinicheka. La Kamituga lilikuwa limeondoka alfajiri.

Jumapili iliyofuata Isidore akaja peke yake. Akaweka kibuyu mezani, akatia mirija yote miwili. Kasiksi ilikuwa imechacha. Harufu yake ilijaa nyumba.

"Leo hatucheze, Mwalimu," akasema. "Basi hakuna sheria."

Nikaketi kwenye kiti cha Cirhuza. Nikanyoosha mkono kwenye mrija wa pili, ili angalau asinywe peke yake. Akanishika kiganja, taratibu, kama mtu anayemzuia mtoto kugusa moto.

"Huu iko na mwenyewe," akasema.

Akaunywea wake. Miye nikabaki na mikono mezani.