Kulala Chali Sebuleni

Nyumba ya kwanza mke aliipenda tangu mlangoni. Rangi ilikuwa bado inanukia upya, na mumewe alikwishaanza kupima kwa macho mahali pa kuweka kochi. Dalali wao, mama mnene aliyeitwa Mama Funguo kwa jinsi mkoba wake ulivyolia kila akipiga hatua, hakusifu kitu. Alivua viatu, akajilaza chali katikati ya sebule.

"Laleni, wanangu," alisema. "Kuta kila mnunuzi anazitazama, ndiyo maana zinapakwa rangi. Dari hakuna anayeijali."

Mume alilitazama shati lake jeupe, akabaki wima kama mlingoti. Mke akalala. Juu yake aliona madoa ya maji, duara ndani ya duara, kutoka kwenye taa mpaka dirishani.

"Paa linavuja," alisema, na mapenzi yote yakamwisha.

"Umeona mwenyewe. Twende kwingine."

Nyumba ya tatu ilikuwa ya kawaida tu, kuta zimefifia. Safari hii mume ndiye aliyetangulia kulala, shati hata halikumbuki. Wote watatu walikuwa chini mwenye nyumba alipoingia na kikombe cha chai, nusura akimwage.

"Jamani, mnatafuta nini huko?"

"Madoa ya maji, kaka," mke alijibu, macho kwenye dari kavu, nyeupe pee. "Tumeyakosa."

Mama Funguo aliinuka kwa kushikwa mkono. Mume hakuinuka. Aliuliza kama angeweza kuletewa mto.