Mji wa Dada

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi Fundi alifungua kibanda chake cha baiskeli, akawasha redio, akaanza kujaza upepo gurudumu la nyuma. Alilijaza kupita kiasi, kwa sababu dada yake, aliyefariki miaka tisa iliyopita, alikuwa na uzito wa magunia mawili ya mchanga uliolowa, na ndiye angekaa kwenye keria.

"Utalipasua, we," alisema Dada, akikung'uta kiatu mlangoni. Mchanga ukamwagika. Fundi akaufagia kama kila Jumamosi.

Njia ya pwani ilikuwa ya kilomita tisini, ya waendao kwa miguu na wenye baiskeli, na hawa wawili walikuwa miongoni mwa vibarua walioichonga. Siku moja wakati wa ujenzi mkandarasi aliambiwa kwamba ukingo wa kilomita ya hamsini na nane umepasuka kwa mvua. Akasema kazi iendelee. Siku hiyo, wakati wa chakula, Dada alimtegea mdogo wake kitendawili.

"Dada wawili wanafukuzana kutwa, hawashikani."

Fundi akataja miguu. Akataja mawimbi. Akashindwa, na aliyeshindwa hutoa mji, basi akampa ule ulioko mwisho wa njia, maana ndiko walikokuwa wakielekea.

"Asante. Nikifika mjini kwangu nitakupa jibu," alisema Dada, akashika koleo. Baada ya saa moja ukingo ukamshukia, ukamfukia kwa mchanga.

Tangu hapo Dada alikuwa na mji mzima asioukanyaga, na Fundi alikuwa na swali lisilo na jibu. Kila Jumamosi walijaribu kuufikia. Kila Jumamosi, kilomita ya hamsini na nane, Dada alizidi uzito, tairi likapasuka, wakarudi wakikokota baiskeli.

Kwenye kituo cha kwanza karani anayegonga muhuri kadi za wasafiri wa njia aliuliza, "Wangapi?"

"Wawili."

Akachungulia keria, akatoa kadi mbili. "Marehemu naye aweke sahihi yake."

Penye tambarare waliendesha, penye mlima Fundi alishuka akasukuma. Dada hakushuka. Alitoa maagizo tu: kata kulia, angalia jiwe, unahema kama mbuzi. Saa sita wakafika penye ukingo. Keria ikalia. Fundi akafunga breki kabla tairi halijasema lake.

Miaka tisa alikuwa akiongeza upepo. Leo alikuja na wazo jingine la kifundi: mzigo ukizidi, unapunguzwa.

"Shuka, nikukung'ute."

"Mbele za watu?"

"Watu wenyewe wana haraka zao."

Akamfungua ovaroli. Akamwaga mchanga wa mifukoni, wa mikononi, wa nyweleni. Akampiga mgongoni kama mtu anayepiga godoro. Waendesha baiskeli walipanga foleni wakasubiri, na mama mmoja mwenye fimbo ya kutembelea akamsaidia Fundi kumshika Dada asianguke. Ilichukua saa nzima. Lundo likafika urefu wa mtu, na sikio la kushoto lilikuwa bado linatoa.

Dada akakaa tena kwenye keria. Keria haikulia.

Kilomita thelathini na mbili zilizobaki zilikwenda kama moja. Magurudumu yaligusa ardhi penye kona tu. Waliwapita vijana wa kaptura za kubana, wakawapita tena walipojaribu kulipiza.

"Pisheni!" Dada alipiga kelele, akigonga kengele kwa mkono mrefu. "Mwenye mji anapita!"

Vijana wakapisha, wakapiga makofi.

Mwisho wa njia palikuwa na ofisi, na juu ya mlango ubao mkubwa. Dada, aliyeishia darasa la nne, aliusoma akifuata herufi kwa kidole: NJIA HII ILIJENGWA BILA KUPOTEZA MTU HATA MMOJA.

"Na mimi?" aliuliza.

Karani wa hapo alitazama kadi yake, akagonga muhuri wa mwisho. "Wewe nimekuandika, mama. Umemaliza, wa mia mbili na nne. Hongera sana. Ubao si idara yangu." Akambandika beji kifuani.

Dada akavuka barabara, akakanyaga mji wake kwa miguu miwili.

"Magurudumu," alisema.

Fundi aliitazama baiskeli. La mbele, la nyuma. "Hayo tu?"

"Miaka tisa unaziba pancha, mdogo wangu, na jibu umelikalia!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Kisha Dada akakagua mji, akaonja maji ya bomba, akasema atabaki. Fundi akarudi peke yake, akiimba, gurudumu la nyuma likirukaruka kwa upepo uliozidi.

Jumatatu wafanyakazi wa halmashauri walikuta lundo la mchanga, wakafukia nalo mashimo ya njia. Mwezi uliofuata ubao ulipakwa rangi upya, kwa maneno yaleyale. Aliyewashikia ngazi wapakaji alikuwa Dada, beji kifuani, akiwaambia herufi gani imepinda, kwa sababu mji ni wake na hapendi kazi ya ovyo.