Suruali ya Kaka Mkubwa

Katika nyumba ile hata pasi ilikuwa na mlinzi: mama alilala nayo chini ya mto. Birika lilifungwa mezani kwa waya, redio kwa mnyororo kwenye nondo za dirisha, na vijiko vilikaa ndani ya sanduku lenye kufuli. Wageni walicheka; wenyewe walishazoea. Kitinda mimba wa nyumba hiyo, ambaye mtaa mzima ulimwita Uzi kwa wembamba wake, alikuwa amejidunga dawa za kulevya kwa miaka mingi, na kila kilichobebeka alikibeba akakiuza.

Sasa Uzi alikuwa amerudi nyumbani. Kila asubuhi alikwenda kliniki kunywa methadoni, ile dawa inayomtuliza mtu asiitamani sindano, na hapohapo akameza vidonge vya kufubaza virusi vya Ukimwi. Kaka yake mkubwa, seremala, alimpokea kwa sharti moja.

"Kikipotea kitu, hata kijiko, unahama."

Kaka alikuwa mtu wa neno lake. Ndiyo maana alijiogopa mwenyewe asubuhi ile, alipofungua kabati na kukuta suruali yake ya kahawia haipo. Ilikuwa suruali yake pekee ya maana, ameinyoosha jana kwa ajili ya kikao cha karakana, ambako tajiri alitarajiwa kumtangaza kuwa msimamizi. Uzi naye hayupo.

"Mama, mwanao karudia yaleyale!"

"Usimhukumu mtoto kabla hujamwona."

"Mtoto! Ana ndevu kunishinda mimi."

Akavaa ovaroli yake yenye vumbi la mbao akatoka, mama nyuma yake akifunga kitenge njiani. Miguu ilikwenda kwa hasira, lakini moyo ulikuwa unaburutwa. Kumfukuza ndugu yake hakutaka, na kumeza maneno yake hakujua.

Walianzia nyuma ya ghala bovu, maskani ya zamani ya Uzi. Mwenzake mmoja wa siku zile alikuwa ameegemea ukuta.

"Umemwona Uzi?"

"Uzi yupi, yule mnene?" Jamaa alicheka mpaka akakohoa. "Hapa haji, na akija simtaki, anamaliza kivuli chote peke yake! Mtafuteni kliniki. Kila siku ananiganda nami nikaanze dawa. Mwambieni labda kesho."

Mnene? Kaka na mama walitazamana. Unayekula naye sahani moja humwoni akinenepa.

Walimkuta kwenye benchi la kliniki, amekalia pembeni kama mtu anayeogopa kuvunja mayai. Alikuwa amevaa suruali ya kahawia. Kifungo kilikuwa kimekata tamaa ya kufika kwenye tundu lake, na kiuno kilishikiliwa kwa kamba ya kiatu.

"Mwizi wewe!"

"Shikamoo kaka. Shikamoo mama." Uzi aliinuka kwa adabu, na papo hapo mshono wa nyuma ukalia praaa! Benchi zima likaangua kicheko.

"Ona sasa!" alifoka kaka.

"Yangu nayo ilipasuka asubuhi nikifunga viatu. Ningekuja na chupi? Nilisema moyoni nitairudisha kabla hujaamka, foleni ikanikwamisha."

"Ungeniamsha!"

"Nikuamshe wewe? Bora virusi."

Muuguzi akachungulia mlangoni. "Kelele za nini? Uzi, majibu yako yametoka. Niwaambie na hawa?"

"Waambie, dada. Wamekuja kunikamata, wasirudi mikono mitupu."

Wakaingia, mlango ukafungwa. "Virusi havionekani kwenye kipimo," alisema muuguzi.

"Vimekufa?" mama aliuliza.

"Havijafa, mama. Vimelala usingizi mzito. Akimeza dawa zake kila siku hivihivi, havitamsumbua, wala hatamwambukiza mkewe kitandani, siku akioa. Akiacha dawa, vinaamka."

"Basi havitaamshwa. Tuna mmoja nyumbani wa kuogopa kumwamsha, anatutosha," alisema mama, kisha akapiga kigelegele kilichomfanya muuguzi azibe masikio huku anacheka.

Kaka alimshika Uzi mkono akaukunjua. Makovu ya sindano yalikuwa palepale, ila sasa yalikaa juu ya nyama, si juu ya mfupa. Akajifanya anakuna jicho.

"Hiyo suruali," alisema hatimaye, "ipeleke kwa fundi nguo. Nenda peke yako."

Mama alivua kitenge chake cha juu akamfunga Uzi nacho kiunoni kuficha pale palipopasuka.

Kaka alikwenda kikaoni na vumbi lake, na tajiri alimtangaza vilevile alivyo. Jioni aliporudi, kabla ya kusema habari zake, macho yalimtangulia ukutani. Suruali ya kahawia ilikuwa inaning'inia, imeshonwa, imenyooshwa, na pasi ilikuwa imeachwa mezani kama pasi ya nyumba za watu wengine.

Akaivaa kwa mbwembwe. Ikamshuka hadi magotini.

"Fundi alikupima wewe?" aliuliza, ameishikilia kwa mikono miwili.

"Nilimwambia ya kaka. Akanitazama tumbo, akasema kaka mtu lazima anizidi."

"Basi ni yako," alisema kaka, akicheka mpaka ikamponyoka tena. "Ila mama, hiyo pasi usiilalie. Ataihitaji asubuhi."