Ekari Tatu za Shemeji

Orodha ya ruzuku ya mbolea ilibandikwa asubuhi kwenye ukuta wa ofisi ya kilimo, na kufikia saa nne watu walikuwa wakisukumana mbele yake kama kuku waliomwagiwa pumba. Bi Jembe, mjane aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakuna aliyewahi kumkuta amekaa bure, alipitisha kidole toka juu mpaka chini. Jina lake halikuwamo. Shamba lake lilikuwamo: "Ekari tatu, kando ya mto, mahindi." Mwenye shamba ameandikwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mwenyekiti wa kamati ya ruzuku. Mtu ambaye tangu wamzike kaka yake hakuwahi kung'oa pale hata gugu moja!

Dirishani, karani hakuinua uso. "Mama, hayo yameshaingia kwenye mfumo. Pesa zimetoka."

"Zimekwenda wapi?"

"Kwa mwenye shamba."

"Mwenye shamba ni mimi!"

Shemeji akatokea chumba cha ndani, shati limenyooshwa, meno nje. "Shemeji, punguza sauti. Ya nyumbani tuyamalize nyumbani."

"Nyumbani ulikula nikanyamaza. Hili umeliandika hapa, tutalisemea hapa hapa."

Akamgeukia bwana shamba, aliyekuwa ameegemea mlango na faili lake. "Wewe ulikuja mara tatu kukagua viwavi. Ulimkuta nani?"

Bwana shamba akatazama viatu vyake. Nyumba aliyopanga ilikuwa ya mwenyekiti, na kila mtu pale alilijua hilo.

"Nilikukuta wewe, mama," akasema mwishowe. "Mwenyekiti sijawahi kumwona pale."

Siku ile ile Bi Jembe akaandika malalamiko kwenda makao makuu, na bwana shamba akatia sahihi ya ushahidi. Kabla wiki haijaisha, bwana shamba alikuwa ameambiwa ahame nyumba ya mwenyekiti.

Mwezi ukapita kimya. Mahindi yaliyopandwa bila mbolea yakaanza kugeuka manjano. Ndipo shemeji akaja na mkokoteni wenye mifuko miwili ya mbolea, na karatasi mkononi.

"Tia sahihi kwamba hatukuelewana tu. Hasira hazijazi ghala, shemeji."

Kilichomchoma Bi Jembe ni kwamba shemeji alisema kweli.

"Nimekulisha miaka sita ukisoma," akasema. "Leo unakuja kuninunua kwa mbolea yangu mwenyewe?"

Akaushika mkokoteni, akausukuma mpaka barabarani, akauacha huko. Kisha akarudi katikati ya mistari ya mahindi yake dhaifu, akakaa chini, akalia kwa ghadhabu.

Majibu yalifika wakati wa kuvuna. Shemeji alikuwa amevuliwa uenyekiti, na msimu ujao shamba lingeandikwa kwa jina la Bi Jembe. Pesa za mwaka ule hazingerudi. Hesabu zilikuwa zimefungwa. Yeye alivuna magunia manne mahali pa kumi na matano.

Karani akamsogezea fomu. "Tia sahihi hapa, mama, kwamba umeridhika."

Bi Jembe akaomba kalamu. Akalikata neno "nimeridhika" kwa mistari miwili mizito, akaandika juu yake kwa herufi kubwa: NIMEPOKEA BARUA. Ndipo akatia sahihi.