Mama wa Kofia ya Njano

Kazini wananiita Mkia, na sijawahi kununa. Mtu anayeendesha baiskeli nyuma ya watu wote kila siku ya Mungu, utamwitaje, Kichwa? Njia yetu ilikuwa ya treni. Reli ziling'olewa zamani, wakamwaga changarawe laini, wakaweka geti juu na geti chini, na tangu hapo hakuna gari wala bodaboda inayokanyaga. Kilomita thelathini na sita, kutoka kituo cha juu milimani hadi mji wa chini, bonde lote likiwa mkono wako wa kushoto na mto unausikia hata usipouona. Treni haikuwa na ubavu wa kupanda mlima mkali, kwa hiyo njia nzima inateremka taratibu. Watu wanakuja na mashemeji zao, na mabosi wao, na vitambi vyao, na wote wanafika.

Kazi yangu ni moja tu: nisimpite mtu wa mwisho. Akisimama, nasimama. Akishuka kukojoa, natazama milima. Saa tisa kamili pikipiki ya magurudumu matatu inapanda kutoka geti la chini kuokota waliobaki njiani, maana watu wa geti nao wana kwao. Hiyo ndiyo injini pekee inayoruhusiwa, na hakuna anayependa kuipanda.

Sasa nikiri jambo. Nina uongo wangu wa kazini. Mtu wa mwisho huwa anajijua. Shingo inazama mabegani, anaanza kuomba radhi hovyo: samahani dada, nakuchelewesha dada. Mimi roho yangu haiwezi. Basi namwambia, usijali, kuna mwenzako huko nyuma, yuko na mwongozaji mwingine. Hapo hapo mgongo unanyooka. Miaka sita nimesema hivyo, na hakuna aliyewahi kuniuliza huyo mwenzake ni nani. Mtu akishajua si wa mwisho, hana haja tena na wa mwisho.

Siku hiyo wa mwisho wangu alikuwa seremala mmoja wa miaka sitini na saba, kipara kinang'aa, mdomo haulali. Mwaka uliopita alikuwa amepigwa na kiharusi. Mguu wa kushoto ulikuwa unaikuta pedali imeshaanza kuondoka, na mkono wa kushoto ulikuwa umewekwa tu juu ya usukani, kwa hiyo fundi wetu alimhamishia breki zote mbili upande wa kulia. Binti yake, mama wa makamo anayefanya kazi ofisi ya bima, alianza safari akimfuata nyuma. Kilomita ya tatu mzee akasimama, akamgeukia.

"Wewe ni mwanangu au ni trafiki? Tangulia."

Binti akanitupia jicho la nakukabidhi, akatangulia.

Tukaenda, yeye anasimulia, mimi nasikiliza. Nikajua kila kitu kabla ya daraja la kwanza. Tangu augue, binti alikuwa ameifunga karakana ya mzee kwa kufuli. Aliogopa baba atajikata vidole kwa msumeno wa umeme, tena akiwa peke yake.

"Ana haki ya kuogopa," mzee akasema. "Mama yake hayupo, amebaki na mimi tu. Lakini mwaka mzima nimekaa sebuleni natazama kabati nililotengeneza mwenyewe. Nimelichoka. Nimeshaona makosa yake yote."

Basi yeye na binti walikuwa wamegombana, wakanuniana, mwisho wakakubaliana. Mzee akifika geti la chini kwa miguu yake kabla ya saa tisa, ufunguo ni wake. Akibebwa, Jumatatu anakuja mnunuzi kuchukua mashine zote. Ufunguo wenyewe ulikuwa ndani ya mkoba wa binti, huko mbele.

Saa saba tulikuwa kilomita ya ishirini na nne, penye bomba la maji na benchi. Muda ulikuwa unatosha, ila si wa kuchezea. Mzee akanywa maji, akafuta kipara, na ghafla namwona shingo inazama.

"Nimekuchelewesha, binti yangu. Wenzangu wote wameshafika, eti?"

Na mimi bila kufikiri: "Wapi, mzee. Kuna mama mmoja yuko nyuma yako kabisa. Ana kofia ya njano. Yuko na mwenzangu."

Hiyo kofia ya njano sijui ilitoka wapi. Uongo ukiuzoea unaanza kuupamba.

Uso wake wote ukafunguka. Akaiegemeza baiskeli kwenye benchi, akakaa, akakunja mikono.

"Mzee, twende," nikasema.

"Twende wapi? Namsubiri mama wa kofia."

Nikacheka, nikidhani anatania. Hatanii. Nikamwambia yule mama yuko mbali, ana mtu wake, wala hana shida. Akanitazama kama nimemwambia kitu cha aibu.

"Sikiliza. Tangu niugue, watu wananisubiri mimi. Mezani wananisubiri, mlangoni wananisubiri, kwenye ngazi wanasimama na kutazama simu zao ili nisione kwamba wananisubiri. Wajukuu wanaanza kuhesabu kabla sijavaa kiatu. Mwaka mzima sijamsubiri mtu. Leo nimepata wa kumsubiri, halafu unaniambia niondoke?"

Ningefanya nini? Ningesema ukweli, ndiyo. Najua. Lakini alikuwa amekaa pale ametulia, ana raha, anatazama kona tuliyotoka kama mwenyeji anayengoja mgeni. Nikasema nimpe dakika tano. Zikawa kumi. Akachagua jiwe la kumwekea yule mama chupa yake ya maji, asije akafika amekauka koo. Mimi nilikuwa nakwangua matope kwenye mnyororo ambao haukuwa na matope, na kila mara natazama saa. Zilipofika dakika ishirini na tano nikaona sasa namuua kwa huruma.

"Mzee, hakuna mtu nyuma."

"Amerudi?"

"Hakuwepo. Wa mwisho ni wewe. Tangu asubuhi."

Akaitazama tena ile kona. Kisha akauliza polepole, "Hata kofia?"

"Hata kofia."

Akaichukua ile chupa juu ya jiwe, akairudisha kwenye baiskeli yake, na ilimchukua muda kwa mkono mmoja. Sikuthubutu kumsaidia. Nilijisikia vibaya, vibaya kweli, nikatamani anitukane yaishe. Hakunitukana.

"Huruma yako imenila dakika ishirini na tano," akasema, akapanda.

Mdomo ule uliokuwa haulali, kimya. Alikanyaga pedali kwa hasira, mguu wa kulia unafanya kazi ya miwili, na mimi nyuma yake. Kona ya kwanza, ya pili, handaki, daraja la chuma. Saa nane na dakika ishirini tulikuwa tumebakiza kilomita tano, na nikapiga hesabu: akienda hivi hivi, anafika.

Ndipo tulipomkuta binti yake.

Alikuwa amefika chini saa sita na nusu, akangoja, akanywa soda, akangoja. Baba haonekani. Zile dakika zangu ishirini na tano zilimpanda kichwani, akamwona baba yake kalala mtaroni, akaamua kurudi juu kumtafuta. Njia yetu ni laini ukiishuka. Ukiipanda ndipo unajua kwamba ni mteremko, na yeye ni mtu wa kiti cha ofisi. Tulimkuta ameketi pembeni, baiskeli imelala, misuli ya mguu imekaza kama ubao, machozi yanamtoka.

"Baba, uko mzima?"

"Mimi mzima. Wewe je?"

"Nimekaza tu, itaachia. Nenda. Saa nane na nusu hii, unafika. Nenda, baba."

Mzee akashuka kwenye baiskeli.

"Baba, muda."

"Nauona."

"Utaukosa ufunguo."

"Najua."

Nikaingilia, nikasema mzee atangulie, mimi nitabaki na binti, ndiyo kazi yangu. Akaninyooshea kidole.

"Wewe nyamaza. Ya leo umeshayasema."

Akapiga magoti, na kupiga magoti kwake ilikuwa kazi kubwa, akaanza kumkanda ule mguu kwa mkono wake mmoja mzima. Mkono wa seremala unajua mahali palipojikunja. Binti alikuwa amefumba macho, anamwambia basi, baba, basi, na baba anaendelea tu. Hakuna aliyetaja saa tena.

Walipopanda baiskeli tena ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi na tano. Na hapo nikaona kitu ambacho kwa miaka sita ya kazi hii sijakiona. Mzee alikuwa anakwenda mbele kidogo, labda hatua mia, anasimama, anaweka mguu chini, anageuka. Binti anajikokota hadi amfikie. Mzee haulizi umechoka, hasemi jitahidi, hatazami simu. Akifikiwa, anakwenda tena. Nami nikawa nyuma ya binti, maana sasa wa mwisho alikuwa yeye.

Pikipiki ilitukuta bado kilomita tatu. Dereva akazima injini, akatazama saa yake, akaniuliza mimi, "Wa mwisho nani?"

Nikamtazama binti.

"Mimi," binti akasema.

"Na yule mzee pale?"

"Yule yuko mbele yangu. Ananisubiri." Akashuka, akaburuta mguu hadi kwenye pikipiki, akapakia baiskeli yake, akakaa nyuma. "Mimi ndiye nisiyeweza. Nibebe mimi."

Pikipiki ikageuza, ikateremka taratibu hadi kwa mzee. Binti alikuwa ameshafungua mkoba. Akamnyooshea ufunguo.

"Saa imepita," mzee akasema. "Tulikubaliana."

"Tulikubaliana, baba, nami nilikuwa sijui ninachokitaka. Chukua."

Mzee akautazama ufunguo, akautazama mkono wake wa kulia, ulioshika breki zote mbili na hauwezi kuziachia.

"Kaa nao. Tangulia nyumbani ukafungue madirisha ya karakana, mle kuna vumbi la mwaka mzima."

"Si nikungoje pale getini kwanza?"

"Usiningoje."

Nikampungia dereva aende, mzee nitabaki naye mimi. Niliona jinsi ilivyokuwa ngumu kwa binti. Alimtazama baba yake, akaitazama njia, akaufunga mkoba. Kisha akamgusa dereva begani, wakaondoka, na hakugeuka nyuma.