Kofia ya Barnaby Plum

Tangu wafike London, Kalpana alikuwa ameshawakataa wanaume wawili, na huyu wa tatu alimkataa ndani ya basi kabla hata hajamwona. Wa kwanza alikuwa na tabia ya kucheka peke yake. Wa pili alimwuliza kama anaweza kupika mchuzi usionuka, maana majirani zake Waingereza wanalalamika. Huyu wa leo, Yogesh, mzaliwa wa Kisumu, karani wa kampuni ya mabasi, alikuwa na nyumba Ilford yenye vyumba vitatu na choo cha ndani. Jinsi baba yake alivyokisifu hicho choo njia nzima kutoka Walthamstow, ungedhani ndicho kinachoposa.

"Beti, binti yangu, leo fungua masikio, funga mdomo," baba yake, Prafulbhai, alimsihi. "Wanataka jibu leo leo. Nimewaahidi."

Kalpana alijua uzito wa jibu hilo. Yeye na baba yake walikuwa wakiishi nyumbani kwa ami yake, chumba kimoja, shuka limetundikwa katikati ya vitanda viwili. Mke wa ami alikuwa ameshaanza kutua sufuria kwa kishindo na kuuliza, bila kumtazama mtu, wageni hukaa muda gani siku hizi. Akikataa mara hii, watatafuta pa kwenda. Akikubali, ataishi maisha yake yote na mtu asiyemjua. Mombasa alikuwa mwalimu. Hapa cheti chake kiliangaliwa kama karatasi ya kufungia karanga, akaishia kufunga biskuti kiwandani. Kilichomsalia ni dharau tu, na aliitunza vizuri.

Kwa desturi, upande wa mume ndio huenda kumwona msichana kwao. Lakini utamkaribisha nani mbele ya shuka? Kwa hiyo walikwenda wao, na Kalpana akasukumwa jikoni kwa watu, apike chai ya watu, ailete kwa sinia la watu, huku kijiko cha sukari hajui kiko wapi. Alifungua makabati yote. Alipopata sukari, alitia nyingi kwa makusudi.

Sebuleni, viti vilikuwa bado vimevaa nailoni ya dukani. Mama Yogesh, mjane mnene mwenye bangili hadi kwenye kiwiko, alikuwa akimnadi mwanawe.

"Hanywi, havuti, hazururi. Kazi yake ni kusoma. Ana chumba kizima huko juu, kimejaa vitabu. Hata kupangusa vumbi haniruhusu."

"Anasoma sheria?" Prafulbhai aliuliza, uso umemng'aa.

"Mimi Kiingereza hakinipandi, Prafulbhai. Lakini ni vingi!"

Yogesh mwenyewe alikuwa akitazama viatu vyake. Mrefu, shingo nyembamba, sweta la kufumwa na mama. Kalpana alimpima mara moja akamaliza: mtoto wa mama, na wakili wa ndotoni. Waliporuhusiwa kwenda juu wazungumze, mlango uachwe wazi, alipanda ngazi akiwa tayari na maneno ya kumkatalia.

Alisimama mlangoni. Hakukuwa na kitabu hata kimoja. Kulikuwa na magazeti ya picha ya watoto, yale ya kila wiki, yamepangwa kwenye rafu toka sakafuni hadi darini, na juu ya kila jalada kijana yule yule wa shule mwenye kaptula, magoti yaliyochubuka na tabasamu la mtu asiyewahi kutandikwa: Barnaby Plum. Barnaby alikuwa na kofia ya shule ya ajabu. Akiigeuza nyuma, anatupwa karne yoyote ya kale. Akiirudisha mbele, yuko kwao, mama yake anamwita mezani.

"Hii ndiyo sheria yako?" Kalpana alisema, akaangua kicheko hadi Mama Yogesh akakohoa huko chini. "Una miaka thelathini!"

"Ishirini na tisa," alisema Yogesh.

"Basi nisamehe. Ungali mdogo."

Yogesh hakuona haya, na hilo lilimkera. Kilichomkera zaidi ni kwamba yeye Kalpana alimjua Barnaby Plum tangu zamani. Magazeti hayo yalikuwa yakifika Mombasa kwa meli, yamechelewa miezi, na wanafunzi wake wakiyasoma chini ya madawati. Aliwanyang'anya, akawafokea, kisha akayasoma mwenyewe katika chumba cha walimu, kayaficha ndani ya rejista. La mwisho kuwanyang'anya lilimwacha Barnaby katika uwanja wa Warumi, simba anatafuna kofia yake. Kisha ikaja ile Februari ya mbio, Wahindi wa Kenya wanagombea tiketi za ndege kabla Uingereza haijawafungia mlango, na hakujua tena yaliyompata.

"Na yule simba," alisema, akitazama dirishani kana kwamba haimhusu, "alimalizana naye vipi?"

Yogesh alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Hakucheka. Alitoa gazeti moja bila kutafuta, akampa.

Kalpana alisoma harakaharaka. Simba alipiga chafya. Kofia ikaruka. Barnaby akaidaka, akarudi kwao, akaambiwa anawe mikono.

"Chafya!" alisema. "Yaani nimengoja mwaka mzima, simba apige chafya?"

"Soma pembeni."

Pembeni mwa picha, kwa penseli, kulikuwa na maandishi madogo ya Kiswahili: *Simba huyu naye mhuni, kapewa nyama akaitema.* Alifungua jingine. Barnaby yuko Misri, anamfundisha Farao kriketi: *Ametembea dunia nzima, hajamwuliza mtu hata jina.* Alifungua jingine. Barnaby yuko Afrika, watu wenye mifupa puani wanacheza kuzunguka chungu: *Mchoraji huyu hajawahi kutoka hata nje ya uwanja wa nyumba yake.* Rafu nzima ilikuwa imetukanwa hivyo, wiki baada ya wiki, kwa mwandiko safi wa karani.

"Kwa nini Kiswahili?"

"Kigujarati ni cha mama, Kiingereza ni cha kazini. Matusi yangu ni ya Kisumu."

"Kama humpendi, unamnunulia nini?"

Yogesh aliketi ukingoni mwa meza. "Nilipokuwa mdogo nilimpenda. Nilipofika hapa nikamchukia, na kuacha nikashindwa. Anakwenda kwa watu, anawavuruga, kisha anageuza kofia na kukuta chai yake ingali moto. Kila wiki. Nangoja ile wiki moja atakayogeuza kofia asifike."

"Itakuja?"

"Wapi! Hawa watu wao hufika tu."

Kalpana alicheka tena, mara hii kwa moyo, na alijua papo hapo kwamba ameshapotea. Raha gani kukaa na mtu mwenye dharau kuzidi yake! Alishuka ngazi na furaha imemjaa hata akasahau kuacha magazeti aliyoshika.

Prafulbhai aliyaona. Alichukua moja, akaligeuza, akaligeuza tena. Uso ulimshuka.

"Haya ndiyo masomo?" Aliinuka. "Mama Yogesh, samahani, sina binti wa kumpa mtu anayesoma picha za watoto. Kalpana, twende."

"Siendi," Kalpana alisema. "Namtaka huyu."

"Mtu anayeota mchana kutwa?"

Hapo damu ilimpanda. Kila Jumapili, nyuma ya lile shuka, baba yake humwambia kwamba mambo yakitulia watarudi Mombasa, watafungua duka lao la vitambaa Biashara Street, yeye atarudi darasani kwake. Miezi yote hiyo aliyasikiliza kimya. Sasa alisema, mbele ya wageni:

"Kuota? Huyu angalau anajua ni hadithi. Wewe ndiye unayengoja kugeuza kofia, Bapuji. Duka lina mwenyewe mwingine. Hakuna anayetungoja kule, na chai yetu walishainywa."

Mama Yogesh alishika mdomo. Yogesh, aliyekuwa katikati ya ngazi, hakushuka.

Prafulbhai aliketi taratibu, nailoni ikalia chini yake.

"Najua, beti," alisema. "Ningekuwa naamini tutarudi, ningekuhimiza uolewe huku? Yale ya Jumapili nayasema kwa ajili yako. Unarudi kiwandani umenuna, huli, husemi. Nilidhani wewe ndiye unayehitaji kuyasikia."

Kalpana alimgeukia Mama Yogesh akamwambia amekubali. Sauti ikamkatika katikati ya neno, naye akalirudia lote upya, kwa nguvu, baba yake alisikie vizuri.