Mkweli wa Kando ya Uwanja

Watu wakisema tulifanya kwa upendo, mimi huwaacha waseme, kisha natoka nje kabla sijamtukana mtu. Upendo ulikuwepo, sikatai. Hata sumu ya panya huchanganywa na unga mzuri.

Naitwa Delmar Tibbs. Nilikuwa kocha wa walinzi katika chuo kidogo cha miaka miwili huku magharibi mwa Kansas, kwenye mji wenye ghala la ngano refu kuliko kanisa na upepo usiojua kupumzika. Mpira wetu ni ule wa kubeba mikononi na kugongana mabega. Vijana wanaokuja kwetu ni wale waliokataliwa na vyuo vikubwa: huyu alifeli hesabu, yule ni mfupi, mwingine alizipiga na kocha wake. Wanakuja kutafuta nafasi ya pili, na kwa miaka mingi aliyewapa nafasi hiyo ni kocha msaidizi mmoja, Vernon Unruh.

Vern hakuwahi kutaka ukocha mkuu. Alisema kocha mkuu kazi yake ni kula na matajiri, na yeye alipenda kula na vijana. Alikuwa na pikapu ya buluu aliyoiendesha mpaka Texas, mpaka Mississippi, akigonga milango ya watu na kuwaambia akina mama, "Nipe huyu mtoto, nitakurudishia mtu mzima." Terrance Boykin, kocha mkuu wetu, alipatikana hivyo hivyo. Vern alimleta na pikapu ile, akampa chumba cha juu nyumbani kwake, na mkewe Vern, Mama Arlene, akamlisha mikate ya kabichi na nyama mpaka akajaa mlango. Boykin ana sauti ya kutoa msumari ubaoni, lakini Vern akiingia, Boykin alikuwa anavua kofia.

Sasa nieleze jambo letu moja, maana bila hilo hamtaelewa. Mchezo wetu unakwenda na kusimama, unakwenda na kusimama. Kila unaposimama, kocha hupeleka amri mpya kwa walio uwanjani. Kwa mdomo haiwezekani, kelele ni nyingi, kwa hiyo inapelekwa kwa ishara za mikono. Na kwa kuwa wapinzani nao wana macho, tunasimamisha watu watatu kando ya uwanja, wote wanapunga mikono kama wanaofukuza nyuki. Mmoja tu ndiye wa kufuatwa, tunamwita mkweli. Wawili waliobaki ni waongo. Mkweli wa walinzi wetu, tangu nywele zake zikiwa nyeusi, alikuwa Vern. Mimi nilikaa kwenye kibanda cha juu ninakoona uwanja mzima, nikimwambia amri kwa hedfoni. Yeye alijibu neno moja, "Imefika," na mikono ikafanya kazi.

Septemba mwaka ule, katikati ya mechi, nilimwambia "lango", amri ya walinzi kufungua upande mmoja ili kumtega mwenye mpira. Akasema imefika. Mikono yake ikatoa ishara ambayo hakuna kijana aliyeijua. Wakatazamana, mpira ukachezwa, na wapinzani wakapita katikati yao bila hodi. Mtu mmoja tu pale ndiye aliyeitambua ile ishara, naye ni Boykin, kwa sababu alifundishwa akiwa na miaka kumi na tisa. Haikuwa imetumika tangu wakati huo.

Wiki ile Mama Arlene alikuja ofisini na sahani yake ya mikate, akaiweka mezani, asiseme nani ale.

"Daktari anasema hali ya Vern ndiyo kwanza inaanza," alisema. "Atasahau hiki na kile, lakini ana miaka ya kuishi vizuri. Terrance mwanangu, usimnyang'anye uwanja. Ukimnyang'anya huo, mimi nitazika mtu."

Alipoondoka tulibaki watatu: Boykin, mimi, na Cody Ratzlaff, kocha kijana aliyekuwa mmoja wa wale waongo wetu wawili.

"Si tumuage tu?" Cody akasema. "Apewe saa ya ukutani, apigiwe makofi, mambo yaishe."

"Rudia," Boykin akamwambia, "nikuage wewe sasa hivi, na saa hupati."

Akazunguka meza. Akala mkate mzima bila kukaa. Kisha akasema, "Vern anabaki pale pale anaposimama. Tibbs atamwambia amri kama kawaida. Ila vijana wamwangalie Cody."

"Yaani Vern awe mwongo?" nikauliza.

"Awe mwongo, na asijue. Hawa wapinzani wetu wameshamjua kuwa ndiye mkweli. Wanakesha kwenye video zake. Basi wakae wamtazame yeye. Mwongo gani anamshinda mtu anayeamini anasema kweli?"

Nilicheka. Ilikuwa akili ya kocha, na sote watatu ni makocha, tukaiona ni nzuri. Mtu mwingine yeyote, mchinja nyama, fundi bomba, angeona mara moja ubaya wake. Sisi tuliona mzee atabaki na kofia yake, Arlene atabaki na mumewe, na juu ya hapo tutashinda mechi.

Na kushinda tulishinda. Kwenye kibanda nilikuwa na vitufe viwili. Nabonyeza kimoja, namwambia Cody amri ya kweli. Nabonyeza cha pili, namwambia Vern ya uongo. "Imefika," anasema mzee, na mikono yake mizuri inainuka, na upande wa pili wa uwanja naona wapinzani wananong'ona, wanabadilisha mchezo wao, wanajipeleka wenyewe mdomoni mwa simba. Boykin alikuwa ananipigia simu Jumapili akiwa na furaha. "Unaona? Anatushindia, mzee wetu!"

Tulichosahau ni kwamba Vern ana macho. Alikuwa anatoa ishara ya lango na vijana wanafanya nyundo, amri nyingine kabisa, mbele yake, mechi baada ya mechi.

"Tibbs," akaniambia siku moja mchezo uliposimama, "uliniambia nini pale?"

"Lango, kocha."

"Na mimi nimetoa lango?"

"Umetoa lango."

"Mbona wameenda nyundo?"

"Hawa watoto wazito, kocha. Vichwa vimejaa simu. Nitawasema."

Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili hakucheka. Baadaye akaacha kuuliza habari za vijana, akawa anauliza habari zake mwenyewe. Tulipokuwa tunakusanya mipira baada ya mazoezi alinishika mkono.

"Usinifiche, Tibbs. Kichwa kinasema lango, mikono inafanya kitu kingine, na mimi sioni. Ndivyo ilivyo, siyo?"

Ningeweza kumjibu. Nilisema, "Baridi imeanza, kocha, twende ndani."

Mama Arlene alituambia kwamba alikuwa anamkuta jikoni mbele ya kioo cha dirisha, anafanya ishara, anajitazama, anazirudia. Kisha mwezi wa Oktoba Vern akamkabidhi funguo za pikapu ya buluu. Hakuombwa. Alisema mtu asiyejua mikono yake inafanya nini hastahili kushika usukani, ataua mtoto wa watu. Arlene alilia akitueleza, lakini alikuwa na shukrani pia, maana alikuwa akiiogopa sana siku ya kumwomba funguo hizo. Boykin naye akashusha pumzi. Mimi nikakumbuka maneno ya daktari, kwamba ndiyo kwanza inaanza.

Nikamfuata Boykin chumba cha helmeti. "Tumwambie."

"Mechi zimebaki chache. Amalize msimu na heshima yake."

"Heshima ipi? Terrance, yule mtu anajiona ni mwendawazimu, na sisi ndio tunamtia wazimu huo kila Jumamosi."

"Panda kwenye kibanda chako, Tibbs." Hakunitazama aliposema hivyo. Alijua. Alimpenda Vern kuliko sisi wote, na ndiyo sababu hakuweza kumtazama usoni na kumwambia kitu.

Mechi ya mwisho ilikuwa nyumbani, na majirani zetu wa kaunti ya pili, watu ambao hata mazishini tunakaa pande mbili. Upepo ulikuwa unabeba kofia za watu. Mwisho wa mchezo tulikuwa mbele kwa pointi chache, wao wana mpira, na wamebakiza nafasi moja tu ya kuvuka mstari wetu. Tukiwazuia, msimu ni wetu.

Nikambonyezea Cody: "Nyundo." Yaani wote mbele, wamvamie mwenye mpira kabla hajafikiri. Nikambonyezea Vern: "Lango."

Hakusema imefika.

"Hapana, Tibbs," alisema. Sauti yake ilikuwa ile ya zamani, isiyo na haraka. "Mwangalie yule wa kwao wa mwisho kushoto. Kisigino kiko juu. Mtu anayekuja kugongana hainui kisigino. Huyu atakimbia nyuma yetu, na mpira utarushwa kwake. Tusiende mbele na tusifungue. Natoa zizi."

Zizi ni kila mtu abaki nyuma alinde eneo lake. Nikatazama kushoto. Kisigino kilikuwa juu. Mimi niliyekaa juu kabisa kwenye kiti cha kuonea kila kitu sikukiona, na yule tuliyemwita mgonjwa alikiona toka chini. Nilimwona anaizungusha mikono yake miwili, zizi, zizi, wazi kabisa, na akapanda juu ya benchi ili aonekane vizuri. Vijana wetu kumi na mmoja uwanjani, na hata mmoja hakugeuza uso upande wake. Wote walikuwa wanamtazama Cody, na Cody alikuwa ameshapiga ngumi juu ya ngumi, ishara ya nyundo. Nilikuwa bado natafuta kitufe mpira ulipoanza.

Wakaenda mbele wote. Mpira ukapita juu ya helmeti zao, polepole na upepo ule, ukamwangukia yule kijana wa kushoto peke yake, hata hakuhitaji kukimbia. Wageni wakamwagika uwanjani.

Mimi sikuwatazama. Nilikuwa namtazama Vern, bado yuko juu ya benchi, mikono imebaki hewani. Akamtazama Cody. Akawatazama vijana. Akamtazama tena Cody, mikono yake.

"Tibbs."

"Nipo, kocha."

"Hawakuniangalia."

Nilimwona anashusha mikono.

"Tangu lini?"

Ningemdanganya tena ningekuwa si mtu. "Tangu ile mechi ya Septemba, kocha."

Hedfoni ilileta upepo tu. Kisha akasema, taratibu, "Kumbe sikuwa nasahau." Na kwa muda mfupi kulikuwa na furaha kwenye sauti yake, naapa, furaha ya mtu aliyeambiwa mwanawe hakufa. Ndiyo inayonitesa zaidi. Kisha ikaisha, nikasikia anavua hedfoni.

Nilishuka ngazi mbio. Nilipofika, Boykin alikuwa amesimama mbele yake, kofia mkononi, machozi yanamtiririka, mtu mzito vile.

"Kocha, nilitaka usiumie," alisema.

"Terrance, ungeniambia kaa nyumbani, ningekaa," Vern akamjibu. Hakupaza sauti. "Ningenuna wiki moja, ningekuja kukaa na Arlene kule kwenye ngazi za watazamaji, nile karanga, niwatukane marefa. Mimi nimekufundisha kudanganya wapinzani. Nilikufundisha lini kuwadanganya wa kwenu?"

"Ni mimi niliyemwomba," Mama Arlene akasema. Alikuwa ameshuka, yuko nyuma yetu, mkoba kifuani. "Vern, niliwaomba mimi wasikuondoe."

Vern akamgeukia. "Na funguo?" akauliza. "Ulizichukua ukijua?"

"Wallahi sikujua." Nasema wallahi kwa sababu sina neno lingine la kiapo alichoapa mama yule, mkono juu, mbele ya uwanja mzima. Alikuwa anasema kweli, hakuna aliyewahi kumweleza habari za mkweli na waongo. Vern alitikisa kichwa kama anayekubali, wakaondoka, yeye mbele, mama nyuma. Arlene ndiye aliyeendesha.

Boykin aliacha kazi kabla ya Krismasi. Cody ndiye kocha mkuu sasa, na vijana wetu siku hizi wanaonyeshwa mabango yenye picha, hakuna mkono unaopungwa.

Mimi nilikwenda kwao mwanzo wa mwaka. Mama Arlene alinikaribisha jikoni, akaniwekea kahawa. Vern alikuwa mezani, amenyolewa vizuri, amenona kidogo. Katikati ya meza, kando ya chumvi, zilikuwepo funguo za pikapu.

"Nimezirudisha," mama aliniambia. "Zipo hapo tangu siku ile. Hazigusi. Daktari anasema bado anaweza kuendesha, hata yeye anashangaa."

"Kocha," nikasema, "si utupeleke mpaka mjini? Nikununulie chai."

Vern alinitazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mtu wa bima. Akatazama mikono yake, akaificha chini ya meza.

Nje upepo ulikuwa unatikisa dirisha mpaka vikombe vinalia kabatini, na bati la banda lilikuwa linajipiga. Nikasema lile ambalo watu wa kwetu husema wakikosa la kusema.

"Leo kuna upepo."

Vern akamgeukia mkewe.

"Ni kweli?" akamuuliza.